Mtoto Anayenyamaza Darasani Naye Ana Neno

Jinsi walimu, wazazi na viongozi wanavyoweza kumsaidia kila mwanafunzi kushiriki katika mazungumzo ya darasa



Katikati ya mwaka 2024, mapigano yalipofika Kanyabayonga, familia nyingi zilipanda kuelekea Lubero na Butembo. Zilikuta huko familia nyingine zilizokuwa zimekwisha kufika kutoka Ituri na kutoka upande wa Beni, ambako mauaji ya raia yamewafukuza watu vijijini tangu mwezi wa kumi 2014. Watoto wa familia hizo zote waliingia katika shule zile zile, pamoja na watoto wa wenyeji.

Kazi yangu ni kutembelea shule kama hizo. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la tano, mahali penye watoto zaidi ya themanini. Mwalimu alikuwa hodari. Aliuliza swali, mikono ikapanda mbele, watoto wakaita: «Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!» Nilihesabu wale waliojibu saa ile nzima. Walikuwa saba tu, tena wale wale. Wengine wote walikuwa wakiitika pamoja: «Ndiyo mwalimu!»

Kando yangu alikaa msichana wa miaka kumi na moja hivi, mhami wa vita. Hakuinua mkono hata mara moja. Nilifikiri ninamsaidia. Nikamwomba mwalimu amwulize yeye. Mwalimu akamsimamisha, akamwuliza swali kwa Kifaransa, na darasa lote likageuka kumtazama. Msichana alifungua mdomo, akasema neno moja kwa matamshi ya kwao. Watoto wawili wakacheka. Akakaa chini.

Kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa. Alirudi siku ya nne, baada ya mama yake kumbembeleza. Kosa lile lilikuwa langu, si lake. Makala hii inaeleza mambo niliyojifunza tangu siku ile, pamoja na walimu na wazazi wa shule hiyo.

Kwa nini mtoto ananyamaza?

Mara nyingi tunasema: «Huyu ni mzito,» au «Huyu ana kiburi.» Tukichunguza vizuri, tunakuta sababu nyingine:

- Lugha. Mtoto amefika mahali ambapo wenzake wanacheza kwa Kinande, mwalimu anafundisha kwa Kifaransa na Kiswahili, na nyumbani kwake wanaongea lugha nyingine kabisa. Jibu analo kichwani, lakini maneno ya kulitolea hana.
- Kuchekwa. Mtoto akichekwa mara moja kwa sababu ya matamshi, nguo au jina lake, hujifunza kwamba kunyamaza ni usalama.
- Woga wa vita. Wakati wa kukimbia, mtoto aliambiwa: «Nyamaza, usilie, wasitusikie.» Kunyamaza kulimwokoa. Hawezi kuacha desturi hiyo kwa siku moja kwa sababu tu sasa ameketi darasani.
- Adabu ya nyumbani. Katika familia nyingi zetu mtoto hasemi mbele ya wakubwa mpaka aulizwe. Kwa wasichana sheria hiyo ni kali zaidi.
- Njaa na uchovu. Mtoto aliyechota maji alfajiri na kuja bila kula hana nguvu ya kubishana kuhusu somo.
- Mahali anapokaa. Aliyefika mwisho hukaa nyuma. Hasikii vizuri, haoni ubao, na mwalimu hamwoni.

Tusimtupie mwalimu lawama zote. Mwalimu mwenye watoto themanini, anayengoja mshahara ambao unachelewa, hushika wale wanaojibu haraka ili somo liishe. Ni jambo la kueleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba shule inawafundisha watoto wachache, na wengine wanatazama tu.

Jambo hili linahusu amani namna gani?

Msomaji anaweza kuuliza: gazeti la amani linatafuta nini katika habari za darasa?

Wazee wetu walijua jibu. Wanande wana kyaghanda, mahali ambapo watu hukutana na mambo ya jamii huzungumzwa. Makabila mengine nayo yana baraza lao, kwa majina yao. Katika baraza, mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusema huondoka na neno lake moyoni, na neno hilo halipotei. Linarudi siku nyingine likiwa ugomvi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998, viongozi wa jamii mbalimbali za Kivu ya Kaskazini waliunda baraza la pamoja linaloitwa Barza intercommunautaire, ili migogoro izungumzwe kabla haijawa vita. Halikuweza kuzuia vita vyote. Hata hivyo lilionyesha kwamba watu wa makabila tofauti wanaweza kukaa na kusikilizana.

Darasa ni baraza la kwanza la mtoto. Hapo mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mkimbizi hukaa benchi moja, pengine kwa mara ya kwanza. Kama mmoja anasema kila siku na mwingine ananyamaza kila siku, wote wawili wanajifunza somo baya. Wa kwanza anajifunza kwamba hapa ni kwake peke yake. Wa pili anajifunza kwamba neno lake halina bei. Baada ya miaka kumi watakuwa watu wazima katika mtaa mmoja, wakigawana maji, soko na mashamba.

Sheria pia iko upande wa mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Kumruhusu mtoto aingie mlangoni, kisha kumwacha akae kama kiti, ni kutimiza nusu tu ya haki hiyo.

Njia ambazo mwalimu anaweza kutumia

Njia hizi hazihitaji pesa. Tulizijaribu katika darasa lenye ubao mmoja na chaki.

1. Kungoja. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza walimu wengi katika miaka ya 1970. Aliona kwamba mwalimu akisha kuuliza swali, kwa kawaida hungoja sekunde 1 tu au chini yake, halafu anachagua mtu au anajibu mwenyewe. Walimu walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu na yenye sababu, na watoto waliozoea kunyamaza walianza kujibu. Mtoto anayetafsiri kutoka lugha ya kwao anahitaji muda huo kuliko wote. Mwalimu aseme: «Hakuna kuinua mkono sasa. Fikirini kwanza.» Kisha ahesabu kimya kimya mpaka tano.

2. Wawili wawili. Njia hii ilielezwa na Frank Lyman, mwalimu wa Marekani pia, mwaka 1981. Ina hatua tatu: fikiri peke yako, mwambie jirani yako, halafu liambie darasa. Tazameni hesabu. Darasa lina watoto 80. Kila mmoja akisema dakika moja mbele ya wote, tunahitaji dakika 80, na somo ni la dakika 30. Lakini wakisema wawili wawili, dakika moja kwa huyu na moja kwa yule, katika dakika 2 wote 80 wamesema. Makelele yatakuwepo, ndiyo. Ni makelele ya kazi. Mwalimu akipiga makofi mara tatu, wote wanyamaze.

3. Punje za maharagwe. Njia hii ni kwa makundi ya watoto watano au sita. Kila mtoto anapewa punje 3 za maharagwe au vijiwe 3. Kila anaposema, anaweka punje moja katikati. Zikimwishia, anangoja wengine wamalize zao. Hivyo anayesema sana anajifunza kungoja, na anayenyamaza anaona kwamba nafasi yake bado inamngojea. Asilazimishwe kumaliza punje zote siku ya kwanza.

4. Msemaji wa zamu. Kila kundi lichague msemaji, lakini kila juma awe mwingine. Msemaji haleti mawazo yake peke yake. Anasema: «Sisi tumeona hivi.» Mtoto mwenye woga huona ni rahisi zaidi kusema neno la kundi kuliko neno lake mwenyewe.

5. Swali lenye majibu mengi. Swali «Mto huu unaitwaje?» lina jibu moja, na anayelijua ni yule mwenye kitabu nyumbani. Swali «Kwenu mlikuwa mnatunza mbegu namna gani?» kila mtoto analo jibu lake, na jibu la mgeni ni jipya kwa wenyeji.

6. Lugha. Mwacheni mtoto afikiri na kuongea na jirani yake kwa lugha anayoiweza, halafu wasaidiane kuliweka jibu kwa Kifaransa. Kufanya hivyo si kuvunja sheria. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Adhabu kwa mtoto aliyesema Kiswahili au lugha ya kwao haimfundishi Kifaransa, inamfundisha kunyamaza.

7. Sheria ya kutochekana. Watoto wenyewe waitunge, mwalimu aiandike pembeni mwa ubao na isifutwe. Katika shule ile waliandika: «Kosa la mwenzangu ni somo langu.» Mwalimu naye aifuate. Akikosea ubaoni, akubali kusahihishwa na mtoto bila hasira.

8. Kubadilisha viti. Kila juma mstari wa nyuma uje mbele, na wa mbele uende nyuma. Wahami na wenyeji wachanganywe. Pasiwe na benchi linaloitwa «la wakimbizi».

Mambo ya kuepuka

Kuna maswali yanayoonekana madogo lakini kwetu ni makubwa. «Unatoka kijiji gani? Baba yako yuko wapi? Kabila lako ni lipi?» Swali kama hili mbele ya watoto themanini linaweza kumrudisha mtoto katika siku mbaya, au kuitia familia yake katika hatari. Usimwombe mtoto asimulie vita mbele ya darasa, hata kama mgeni wa shirika anataka kusikia. Nasema hivi kwa sababu sisi wa mashirika tumefanya kosa hilo pia.

Usimsimamishe ghafula mtoto asiyezoea kusema, kama nilivyosababisha mimi. Mwambie mapema, kwa sauti ya chini: «Kesho nitakuuliza swali hili. Jitayarishe na mwenzako.» Na mpe ruhusa ya kusema: «Naomba nipite, nitarudi.»

Tujue pia kwamba kunyamaza si ugonjwa. Kuna watoto wenye tabia ya utulivu, wanasikiliza sana na wanaandika vizuri. Kushiriki si kupiga kelele tu. Anayechora jibu, anayeandika swali kwenye karatasi, anayemsaidia jirani yake, naye anashiriki. Lakini mtoto ambaye kwa majuma mengi hasemi na mtu yeyote, hachezi, halali usiku au anashtuka kwa kila kishindo, huyo anahitaji msaada zaidi ya njia za darasa. Mwalimu azungumze na mzazi kwa siri, na pamoja wamtafute mhudumu wa afya au mtu anayeshughulikia ulinzi wa watoto.

Wazazi wanaweza kufanya nini?

Mama mmoja aliniuliza: «Mimi sikusoma. Nitamsaidia mtoto wangu namna gani?» Nilimwambia kwamba kazi kubwa inaanzia karibu na moto wa jikoni, na haihitaji kusoma.

- Jioni, usiulize tu «Umepata ngapi?» Uliza pia: «Leo umeuliza swali gani? Umemsikia mwenzako akisema nini?»
- Mwache mtoto amalize sentensi yake. Akikosea, usimkatize mbele ya wageni.
- Msichana naye apewe nafasi ya kusema, sawa na kaka yake. Kazi za nyumbani zigawanywe ili asifike shuleni amechoka.
- Ninyi wenyeji mliopokea familia, waambieni watoto wenu kwamba matamshi ya mgeni si kitu cha kucheka. Mtoto hurudia darasani maneno aliyoyasikia nyumbani. Mkiwaita wageni wenu kwa jina la dharau mezani, kesho jina hilo litasikika uwanjani.
- Ninyi wahami wa vita, mpelekeni mtoto shuleni hata kama hamjui mtakaa muda gani. Miezi mitatu ya kusoma na kusema ni bora kuliko miezi mitatu ya kungoja.

Na viongozi?

Viongozi wa mitaa na wawakilishi wa wakimbizi wana nguvu ambayo mwalimu hana.

Kwanza, hakikisheni kwamba katika kamati ya wazazi ya shule kuna mzazi mhami, na awe na sauti, si kukaa tu. Kama wazazi wahami wananyamaza katika mkutano, watoto wao watajifunza wapi kusema?

Pili, zungumzeni na Papa Direkta au Mama Direkta kuhusu watoto wanaorudishwa kwa sababu ya sare, daftari au karatasi zilizopotea njiani. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali imeanza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo katika shule zake. Mtoto anayefukuzwa mara kwa mara hawezi kuzoea kusema, maana kila akianza kuzoea anakuta wenzake wamekwenda mbele.

Tatu, msiingize siasa za wakubwa darasani. Mwalimu akiwaruhusu watoto kujadiliana kuhusu maji, usafi, kilimo au sheria za mchezo, anawafundisha kutofautiana bila kupigana. Mlindeni mwalimu huyo.

Yule msichana

Nilirudi katika darasa lile baada ya majuma sita hivi. Walimu walikuwa wamekwisha kujaribu njia ya wawili wawili, na viti vilikuwa vimebadilishwa. Somo lilikuwa juu ya mazao ya jimbo letu. Pale juu milimani watu hulima viazi, maharagwe na liki, na kakao wanaijua kwa jina tu.

Mwalimu aliuliza: «Kakao inafanywa nini kabla ya kuuzwa?» Akangoja. Kisha akasema: «Mwambie jirani yako.» Nilimwona yule msichana akimgeukia mwenzake, mtoto wa mwenyeji, akaanza kueleza kwa mikono. Mwenzake akainua mkono: «Mwalimu, huyu anajua!»

Mwalimu hakumsimamisha. Alimwuliza kama anapenda kusema akiwa ameketi. Akasema, kwa Kiswahili, polepole. Unapasua tunda, unatoa mbegu na ule utelezi wake mweupe, unaziweka pamoja na kuzifunika kwa majani ya migomba. Zinapata joto zenyewe. Unazigeuza. Baada ya siku kama tano au sita unazianika juani, na harufu inabadilika. Ukizianika mapema, mnunuzi atazikataa. Mtoto mmoja akauliza: «Joto linatoka wapi kama hakuna moto?» Hilo lilikuwa swali zuri, na mwalimu akalifanya somo la siku iliyofuata.

Siku ile hakuna aliyecheka. Waliuliza maswali mengine manne, na yeye akajibu matatu. La nne alisema: «Sijui, nitamwuliza mama.»

Sisemi kwamba shida zake zimekwisha. Familia yake bado iliishi katika chumba kimoja cha kuazimwa, na baba alikuwa hajapata shamba. Lakini darasa lilijua sasa kwamba mgeni wao hakuja mikono mitupu. Na mama yake aliniambia kwamba asubuhi hambembelezi tena.

Maswali ya kujadiliana katika kundi lenu

Someni makala hii pamoja, katika kamati ya wazazi, katika kambi au chini ya mti, halafu mjadiliane:

1. Katika shule yetu, ni watoto gani wanaosema sana, na ni gani wasiosikika? Kwa nini?
2. Je, katika mikutano yetu sisi watu wazima, nani hasemi? Wanawake? Vijana? Wahami? Tunaweza kubadili nini?
3. Watoto wetu wahami wanajua kazi gani, nyimbo gani au hadithi gani ambazo wenyeji hawazijui? Na wenyeji wanaweza kuwafundisha nini?
4. Ni njia ipi kati ya zile nane tunaweza kumwomba mwalimu aijaribu juma hili?

Chagueni njia moja tu, mwijaribu kwa mwezi mmoja, halafu mkutane tena kutazama matunda yake. Na katika mkutano huo, kabla ya kufunga, mgeukieni yule ambaye hajasema, mngoje kidogo, mumpe nafasi.